Je, Wajua? Moshi wa Bunia Hautoki Bunia Peke Yake

Kuanzia Desemba hadi Februari, mvua zikishakatika, savana zilizo kaskazini mwa mji wa Bunia, nchini Kongo (DRC), hadi Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, huchomwa moto. Pepo za kaskazini-mashariki husukuma moshi huo kuelekea Ikweta. Mjini unakutana na vumbi la barabara za udongo linalotimuliwa na pikipiki na malori, pamoja na moshi wa kuni na makala.

Saa nazo zina lao. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka. Hewa baridi hulala chini, yenye joto ikaifunika, na moshi hukosa pa kupandia hadi jua likolee.

Chembe za moshi za kuogopwa zaidi hazizidi kipenyo cha mikroni 2.5: hupenya mapafuni hadi kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha wastani wa mwaka wa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Anayeumia kwanza ni mama anayepika chumbani, na mtoto aliye mgongoni mwake. Mbabula, yaani jiko la makala, itolewe nje, hata asubuhi ya baridi.