Taa Kuzimika: Je, Kifo ni Ukombozi?

Mwanafunzi mpendwa, ukienda matangani hapa Mundika hukosi kumsikia mtu akisema kuwa marehemu amepumzika. Hiyo ni tasfida ya kuwafariji waliofiwa. Tatizo huzuka unapoihamishia kwenye karatasi ya mtihani. Nimesahihisha majibu mengi yanayodai kuwa katika Al-Inkishafi kifo ni ukombozi. Majibu hayo hupoteza alama.

Kumbuka kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utenzi huu mwanzoni mwa karne ya 19, akiutazama mji wa Pate uliokuwa umeporomoka. Nafsineni anauonya moyo wake usighurike na dunia, na anaulinganisha uhai na taa iliyo katika upepo.

Ili uielewe taswira hii vyema, ilinganishe na fikra ya Ubuddha. Dini hii haiko mbali nasi. Mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Ubuddha huko Garuga karibu na Entebbe, ng'ambo ya mpaka wetu. Lengo kuu la Mbuddha ni nirvana, neno lenye maana ya kuzimika. Kinachozimika ni mioto mitatu: tamaa, chuki na ujinga.

Sasa fikiria koroboi. Inaweza kuzimika kwa njia mbili: upepo uipulize ingali na mafuta, au mafuta yaishe. Taa ya Al-Inkishafi ni ile ya kwanza. Kifo huja ghafla, matamanio yangalipo. Taa ya Mbuddha aliyekomboka ni ile ya pili. Siddhartha Gautama, yaani Buddha, aliifikia nirvana akiwa na umri wa miaka 35, kisha akafundisha hadi alipofariki Kushinagar, India, akiwa na miaka 80. Kufariki huko huitwa parinirvana, yaani kuzimika kabisa, bila kuzaliwa tena. Hivyo, si kifo kilichomkomboa. Alikuwa amekomboka miaka 45 kabla. Kilichokuwa kimesalia ni mwili tu. Mtu anayekufa na tamaa zake, kwa imani hiyo, huzaliwa tena na kuendelea kuteseka.

Tofauti nyingine ni kinachofuata. Buddha alikataa kueleza aliyekomboka huwa wapi, akauliza moto uliozimika umeelekea upande gani. Al-Inkishafi haunyamazi: baada ya kifo kuna kaburi, hukumu na jehanamu.

Swali: "Kifo ni ukombozi." Tathmini kauli hii ukirejelea Al-Inkishafi. (alama 6)

Hoja za kuzingatia:
(i) Kifo hukatiza anasa. Matajiri wa Pate waliacha majumba ya fahari, yakageuka magofu yenye popo.
(ii) Kifo hakimalizi mambo. Hukumu inamsubiri kila mtu.
(iii) Ukombozi hutafutwa mtu angali hai. Ndiyo maana moyo unaonywa sasa, kabla taa haijazimika.

Kila hoja ieleze, kisha uitolee mfano kutoka kwenye utenzi. Usiutaje Ubuddha katika jibu lako ila swali likuagize ulinganishe. Mtahini anakupima kwa matini uliyosoma, wala si kwa yale yaliyosemwa matangani.