Istilahi za Jenomu na Maradhi ya Akili: Jina Lisizidi Maana

Katika makala haya tunakusudia kujadili istilahi chache za taaluma iliyo changa katika Afrika Mashariki, nayo ni bioinfomatiki, hasa pale inapotumiwa kuchunguza maradhi ya akili yanayohusiana na msongo. Taaluma hii inahitaji wafanyakazi, na wafanyakazi hao wanahitaji cheo kinachojulikana. Wagonjwa nao, kabla ya kutoa mate au damu zao kwa uchunguzi, wanahitaji maneno wanayoyaelewa.

Jenomu ni jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, na hapana awezaye kuzilinganisha kwa macho baina ya maelfu ya watu. Kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, na aifanyaye hana budi kujua elimu tatu kwa pamoja: biolojia, takwimu na uandishi wa programu.

Mfano ulio karibu nasi ni uchunguzi wa NeuroGAP-Psychosis, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2018 katika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, kwa lengo la kufikia watu wapatao 34,000, nusu wagonjwa na nusu wazima. Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Ingawa shabaha yake ilikuwa saikosi, yaani maradhi yanayomtenga mtu na uhalisi, washiriki waliulizwa pia juu ya matukio ya kutisha yaliyowafika. Sambamba na uchunguzi huo yalianzishwa, mwaka 2017, mafunzo ya GINGER kwa watafiti chipukizi wa nchi hizo nne.

Sasa tuziangalie istilahi zenyewe.

(a) Jina la kazi. Tumchukue kijana wa Jang'ombe aliyehitimu taaluma hii. Ofisa wa utumishi akimwandika "mtaalamu wa kompyuta", huenda akapangiwa kutengeneza mashine. Akimwandika "fundi wa maabara", atapewa chupa na darubini. Jina pungufu humnyima mtu kazi aliyoisomea. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa jina la taaluma tunaukubali mkopo "bioinfomatiki", kwa kuwa unafanana na wa mataifa mengine. Kwa cheo, Kiswahili kinatosheleza: "mchambuzi wa data za jenomu". Mzazi na mwajiri wote wawili watalielewa.

(b) Nasaba na vinasaba. Neno "vinasaba" limekwisha kuota mizizi, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 inayohusu vinasaba vya binadamu. Neno ni zuri, ila lina jamaa mkubwa. Unguja nasaba huulizwa posa inapoletwa. Tukiandika "maradhi ya nasaba", tumeutia doa ukoo mzima, na elimu yenyewe haisemi hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 juu ya maradhi ya kiwewe, yale yanayomwandama mtu baada ya tukio la kutisha, ulihusu watu zaidi ya milioni 1.2 na kuonyesha sehemu 95 za jenomu, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana. Hakuna "jeni ya kiwewe". Kwa hiyo tunapendekeza "tofauti za vinasaba zinazoongeza uwezekano". Aidha, wengi wa watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya. Ndiyo sababu wachambuzi wa kwetu wanahitajika.

(c) Yatokanayo au yanayohusiana? Wafasiri wengi huandika "maradhi yatokanayo na msongo". Kiambishi hicho hutoa hukumu juu ya chanzo. Watu wawili waweza kufikwa na msiba mmoja, mmoja akaugua na mwenziwe asiugue. "Yanayohusiana na msongo" hutaja uhusiano bila kukata kauli.

(d) Kiwango cha kurithika. Uchunguzi wa mapacha umekadiria kwamba kiwango cha kurithika kwa sonona ni kama asilimia 37. Mwalimu asifundishe kwamba asilimia 37 ya maradhi ya mtu fulani imetoka kwa wazazi wake. Kipimo hiki hueleza tofauti baina ya watu wa jamii iliyochunguzwa, wala hakimhusu mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana tunasema "kurithika", wala si "kurithiwa".

Yapo manufaa ya kushughulikia mambo haya mapema. Katika NeuroGAP, mtu aliulizwa maswali ya kupima kama ameyaelewa maelezo kabla ya kukubaliwa kushiriki. Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu ni jirani ya Jang'ombe. Siku uchunguzi wa namna hii utakapofika hapo, muuguzi atasimama mbele ya mama wa mgonjwa akiwa na karatasi ya ridhaa iliyofasiriwa na mmoja wetu. Mama akielewa kwamba ukoo wake unatafutwa aibu, atakataa; akielewa kwamba dawa imepatikana, atakubali kwa sababu isiyo ya kweli. Katika hali zote mbili ridhaa haikupatikana.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri wayajaribu maneno yao kwa wale watakaotia saini, kabla karatasi hazijapigwa chapa. Istilahi yenye kusema zaidi ya ijulikanavyo ni ahadi au tuhuma, na mfasiri hana mamlaka ya kutoa lolote kati ya hayo.