Nyangumi wa Hermanus: Biashara Isiyo na Tiketi

Mwaka 2008, kwa makadirio yaliyotolewa mwaka uliofuata, watu milioni 13 walikwenda kutazama nyangumi katika nchi na maeneo 119, na wakatumia dola bilioni 2.1 za Marekani. Wengi wakisikia hesabu hiyo hufikiria boti. Hermanus, mji wa pwani ulio kilomita 120 hivi kutoka Cape Town, una mtaji wa namna nyingine. Kati ya Juni na Novemba, nyangumi weusi wasio na pezi mgongoni hutoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa na kunyonyesha katika Ghuba ya Walker. Kina kirefu kinafika hadi chini ya majabali, hivyo mama na ndama hupita karibu mno. Aliyesimama juu huziona sugu nyeupe kichwani mwa mama. Njia ya miguu ya kilomita 12 hivi juu ya majabali hayo haina tiketi, na tangu 1992 mji una mpiga mbiu anayepuliza baragumu la mwani mkavu kutangaza nyangumi walipo.

Mhasibu atauliza: kisicholipiwa ni biashara gani? Malipo yake yako kitandani na mezani. Nyangumi hana ratiba, kwa hiyo anayemsubiri hula, hulala, kisha huamka kusubiri tena, na hayo yote katika miezi ya baridi ambayo mji wa ufukweni ungekosa wageni. Ni kweli boti huingiza fedha taslimu na kuajiri mabaharia. Lakini boti inataka mafuta na kibali, bahari ikichafuka haitoki, na hata yenye kibali haitakiwi kumkaribia nyangumi chini ya mita 50. Watu wa Watamu, nchini Kenya, wangefaa kuipima biashara hii ya nchi kavu, maana nyangumi wa nundu hupita huko Julai hadi Septemba, kusi likivuma.

Pingamizi zito ni hili: nyangumi wa Hermanus wasipokuja je? Waliwindwa karibu kwisha kabla ya kulindwa mwaka 1935, wakaongezeka, lakini miaka ya karibuni majike waliokuwa wakizaa kila baada ya miaka 3 sasa hukaa 4 au 5, na watafiti wanalihusisha hilo na uhaba wa chakula kusini. Tunalijua kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria wamekuwa wakiwahesabu kutoka angani kila mwaka kwa miongo kadhaa, wakimtambua kila mmoja kwa mpangilio wa sugu zake. Pasipo tiketi, soko halina njia ya kumlipa anayehesabu wala anayetunza njia; dawa ni tozo ndogo kwenye bili za hoteli. Wenye hoteli watalalamika kwamba tozo itafukuza wageni. Hofu hiyo haina uzito, kwani aliyekwisha lipia safari na chumba hatageuza gari kwa nyongeza ndogo kwenye bili. Anayepandisha bei ya chumba kwa sababu dirisha lake linatazama ghuba anauza nyangumi, na yeye ndiye wa kwanza kuchangia.