Athi ya Antena Kwenye Lori

Dereva wa lori nchini Marekani akinunua redio ya mawasiliano ya CB, fikra zake zote huwa kwenye antena: fimbo ya mita moja na ushei, iliyofungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni. Lakini fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni chuma cha lori lenyewe, na nusu hiyo ikikosekana, hata redio ya bei kubwa haitasikika mbali.

Redio hizi zilitengewa masafa ya megahezi 27 mwaka 1958. Madereva wa malori walizikumbatia baada ya uhaba wa mafuta wa 1973, wakiulizana dizeli inapatikana wapi na polisi wa barabarani wamejibanza wapi. Tangu 1977 zina chaneli 40, na chaneli 19 imebaki kuwa ya wenye malori. Nguvu inayoruhusiwa kwa matangazo ya AM ni wati 4 tu. Kwa uchache huo, kila wati inayopotea njiani ni hasara.

Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11 hivi, na antena ya gari hufanya kazi kama robo ya wimbi hilo. Fimbo fupi hufidia urefu kwa koili iliyozungushiwa ndani yake. Mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima uwe na mwenzake upande wa pili, kama vile mwenye mtumbwi hawezi kusonga mbele mpaka upondo wake ugote chini. Bodi na chesisi ndizo zinazotoa egemeo hilo, yaani athi ya antena. Zisipounganishwa vizuri na kishikio cha antena, mkondo hurudi kwa nje ya ganda la kebo hadi ndani ya kebini. Dalili yake ni ya wazi: ukishika kebo au ukihamisha mkono kwenye maiki, mshale wa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, unachezacheza.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba redio ina athi mbili. Waya mweusi unaokwenda kwenye hasi ya betri ni wa umeme wa kuiwasha. Taa ikiwaka na spika ikiongea, mtu huamini kuwa athi iko sawa. Athi ya antena ni habari nyingine kabisa. Mkono wa kioo umepakwa rangi, pengine umefungwa kwenye mlango unaoning'inia kwa bawaba zenye grisi, na kebini nzima imekalia mipira ya kupunguza mtikisiko. Kila hatua hapo inaweza kuwa kizuizi.

Maltimita ndiyo ya kuanzia. Ncha moja kwenye kishikio, nyingine kwenye chesisi; isome karibu na sifuri. Hata hivyo, jibu zuri la maltimita halitoshi, na hili ndilo ninalotamani kila fundi alijue. Waya mwembamba wa mita moja husoma sifuri kwa umeme wa betri, lakini kwa megahezi 27 huweka ukinzani unaofika omu 170 hivi, wakati kebo ya antena imeundwa kwa omu 50. Isitoshe, mkondo wa masafa hayo hupita kwenye ngozi ya shaba tu, kina cha milimita 0.013. Ndiyo maana huhitajika mkanda bapa wa shaba iliyosukwa, mpana na mfupi iwezekanavyo: mmoja kutoka mlangoni hadi kebini, mwingine kutoka kebini hadi chesisi.

Kazi yenyewe ni ya msasa. Fungua boliti ya kishikio, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno inayouma chuma, kaza, kisha paka grisi kuzuia kutu. Washa ya plastiki inayotenga kitovu cha antena na kishikio irudishwe mahali pake. Ikikosewa, antena hupiga shoti.

Kisha upime SWR kwenye chaneli 1 na 40. Ikiwa juu zaidi kwenye 40, antena ni ndefu; ikiwa juu zaidi kwenye 1, ni fupi. Ikivuka 3 kwenye chaneli zote, robo ya nguvu au zaidi inarudi redioni. Hapo usiguse urefu wa fimbo. Wengi huikata bure wakati tatizo liko kwenye athi au kebo, na fimbo iliyokatwa hairefuki tena. Vipimo hivi vifanyike uwanjani, milango ikiwa imefungwa, mbali na makontena na kuta za mabati, kwa sababu chuma kilicho jirani hubadilisha usomaji.