Kutoka Meru hadi Mizingani: Yanayopaswa Kujulikana Kabla ya Kuzuru Zahanati ya Kale, Zanzibar

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Wageni wengi wanaomaliza ziara katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha au kupanda Mlima Meru huelekea Zanzibar kupumzika. Wananchi wa Arusha nao huvuka bahari kwa biashara, kwa mapumziko na kwa kutembelea ndugu. Wengi hupita mbele ya jengo refu lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, hatua chache kutoka bandarini, bila kufahamu kwamba historia yake inagusa pia bara walikotoka. Jengo hilo ni Zahanati ya Kale, katika barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe.

Makala haya yanaeleza asili ya jengo hilo, namna ya kulifikia na wajibu wa mgeni anapolizuru.

Asili ya jengo

Ujenzi ulianza mwaka 1887 kwa gharama za Tharia Topan, mfanyabiashara Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia mwenye asili ya Kutch, India. Nia yake ilikuwa kujenga hospitali kwa ajili ya maskini, kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza. Tharia alifariki mwaka 1891 kabla ya kazi kwisha, na jengo likakamilika mwaka 1894. Mwaka 1900 lilinunuliwa kwa ajili ya shughuli za hisani. Sehemu ya chini ikawa zahanati, na jina hilo limebaki hadi leo.

Usanifu wa Kihindi na Kiislamu ulikua nchini India kwa karne nyingi, na Taj Mahal ya Agra ndiyo mfano wake unaojulikana zaidi. Zahanati ya Kale haikunakili mtindo huo moja kwa moja. Mafundi walioletwa kutoka India waliunganisha nakshi za kwao, mapambo ya Kizungu ya zama hizo na mawe ya matumbawe na chokaa ya pwani yetu. Mgeni akiingia, atazame ua wa ndani uliozungukwa na roshani, vioo vya rangi na michoro ya mbao.

Uhusiano na bara

Tharia Topan aliwahi kusimamia ushuru wa forodha wa Zanzibar, na alikuwa miongoni mwa wakopeshaji wakuu wa misafara ya bara. Tippu Tip ni mmoja wa waliopata mtaji kwake. Katika zama hizo misafara ilitoka Pangani kupitia maeneo ya Kilimanjaro na Meru kutafuta pembe za ndovu, zilizopelekwa Zanzibar kuuzwa ng'ambo. Biashara ya misafara haikutengana na utumwa. Kwa hiyo, anayesifu uzuri wa roshani zile akumbuke pia wapagazi na watumwa waliobeba mizigo iliyoutajirisha mji huo.

Mkazi wa Arusha anaweza kuanza somo hilo nyumbani. Boma la Kijerumani, lililokamilika mwaka 1900, lilijengwa kwa nguvu kazi ya wenyeji waliolazimishwa. Leo ni Makumbusho ya Taifa ya Elimu Viumbe. Majengo yote mawili yanaonesha kuwa urithi huhifadhiwa ili ukweli wake wote usimuliwe, ukiwemo ule unaouma.

Namna ya kufika

Msafiri anaweza kuruka moja kwa moja kutoka Kiwanja cha Ndege cha Arusha, Kisongo. Anayetumia barabara husafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam, kisha hupanda boti ya mwendo kasi kwa takriban saa mbili. Abiria awe na kitambulisho halali. Tangu Oktoba 1, 2024, wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Waongoza watalii wa Arusha wawakumbushe wageni wao mapema, kabla hawajaondoka.

Wajibu wa mgeni

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 jengo lilikuwa chini ya Serikali, lakini lilichakaa hadi likaachwa. Mwaka 1990 lilikabidhiwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao ulilikarabati hadi mwaka 1996 huku mafundi wa Zanzibar wakijifunza upya ufundi wa chokaa, mbao na vioo. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Majengo ya aina hii hayahimili uzembe. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri la mwaka 1883 lililo katika ufukwe huohuo, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Ndiyo maana mgeni anaelekezwa kuzingatia yafuatayo:

• Aulize mlangoni sehemu anazoruhusiwa kuingia.
• Asishike nakshi wala kuegemea roshani.
• Asivuke uzio wa eneo linalokarabatiwa.
• Avae mavazi ya staha, na aombe ridhaa kabla ya kumpiga mtu picha.
• Asiingie misikitini kwa ajili ya utalii bila idhini ya wahusika.

Chokaa ya jengo lile imechanganywa na jasho la watu wa pwani na wa bara. Kulitunza, basi, ni wajibu wa Mtanzania wa Meru sawasawa na wa Mizingani.