Maporomoko ya Maji: Urefu Peke Yake Haulipi

Mfanyabiashara wa Igogo aliyezoea kupima faida kwa gunia la dagaa au kilo ya sangara hawezi kuyaona maporomoko ya maji kuwa bidhaa. Hayafungwi kwenye gunia wala hayapakiwi melini. Hata hivyo, iko mikoa ambako watu hulipa fedha kwenda kuyatazama tu, na fedha hizo huwafikia wapishi, madereva, wakulima wa kahawa na vijana waongoza wageni. Kwa mwenye mtaji mdogo anayetafuta kitega uchumi nje ya samaki, biashara hii inafaa kuchunguzwa, pamoja na hatari zake.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba poromoko refu silo linaloingiza fedha nyingi. Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Rukwa, huanguka kwa zaidi ya mita 200 bila kukatika, yaani karibu mara mbili ya yale ya Victoria yaliyoko kwenye mto Zambezi. Lakini Kalambo iko mbali na njia kuu za watalii. Mgeni anayetaka kufika huko lazima aipange safari hiyo peke yake, kwa siku zake na gharama zake.

Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni fupi zaidi kuliko Kalambo. Pamoja na hayo, wageni hupanda huko mara kwa mara kwa sababu kijiji kiko karibu na mji wa Moshi, na safari huisha kwa siku moja. Mgeni hutembea, huona maji, hurudi kijijini kukaangiwa na kutwangiwa kahawa, hula chakula cha mchana na jioni yuko mjini. Kinukamori, kule Marangu, ni fupi zaidi tena, lakini iko jirani na njia ya wapanda mlima. Maji ni yale yale. Tofauti ni barabara, na kitu cha pili cha kuuza baada ya mgeni kushiba kutazama.

Mahali pa karibu kwa Mwanza

Kwa upande wa Ziwa, maporomoko yenye jina ni Rusumo, katika Wilaya ya Ngara, pale mto Kagera unapotenganisha Tanzania na Rwanda. Urefu wake ni kama mita 15 tu, lakini historia yake ni kubwa. Mjerumani von Götzen alivukia hapo kuingia Rwanda mwaka 1894. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja hilo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbilia Ngara. Miezi hiyo maiti zilibebwa na Kagera hadi Ziwa Victoria, na katika miji ya kando ya ziwa watu wengi waliogopa kula samaki. Mgeni anayepelekwa Rusumo anastahili kuelezwa habari hizo kwa heshima, si kwa mbwembwe.

Safari yenyewe imekuwa rahisi. Gari linalotoka Igogo hufuata barabara ya Shinyanga hadi Usagara, kisha hukata kulia kwenda Kigongo. Zamani hapo palikuwa pa kungoja kivuko, na hakuna aliyeweza kumwahidi abiria saa ya kufika. Tangu Juni 2025 magari hupita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3. Baada ya hapo njia ni Sengerema, Geita na Biharamulo hadi Lusahunga, ambako barabara ya malori yaendayo Kigali hushuka Rusumo. Si safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, hivyo malazi lazima yaingizwe kwenye bei. Aidha, Rusumo ni mpaka wa nchi: kamera isitolewe kabla ya kuomba ruhusa kwa wakuu wa hapo.

Hesabu ya viti

Wengi hupotea kwenye hesabu. Uchukuliwe mfano wa basi dogo la viti 25. Tuseme kukodi gari, mafuta na dereva ni Sh 900,000, na nauli ni Sh 60,000 kwa kila msafiri. Chakula na kiongozi ni Sh 15,000 kwa kila mtu. Kila kiti kilichouzwa kinabakiza Sh 45,000. Ili kurudisha fedha za gari peke yake lazima viuzwe viti 20. Basi likijaa, faida ni Sh 225,000. Wakipatikana watu 14 tu, hasara ni Sh 270,000.

Bei hizo ni za mfano, lakini funzo halibadiliki: faida yote imo katika viti vitano vya mwisho. Kwa sababu hiyo, anayeanza hana haja ya kununua gari. Ni heri akodi, akusanye malipo ya awali, na asitoe tarehe kabla viti 20 havijalipiwa. Vikundi vya kanisa, shule na vyama vya kuweka na kukopa ni wateja wazuri kuliko mtu mmoja mmoja, kwa kuwa huja wakiwa wameshakusanyika. Anayekusudia kuongoza watalii kama kazi ya kudumu akumbuke pia kwamba Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka awe na leseni.

Bidhaa inayoweza kuzama

Hatari kubwa ni kwamba mwekezaji halimiliki poromoko. Mahali penye maji yaangukayo ndipo penye umeme. Jinja, ambako maji ya Ziwa Victoria hutokea kuingia mto Nile, kulikuwa na maporomoko ya Ripon, aliyoyaona Speke mwaka 1862. Yalizama baada ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Watalii wakaendelea kufuata maporomoko ya Bujagali na michezo ya mitumbwi ya mpira. Nayo yakafunikwa na maji ya bwawa jipya la megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012. Wenye mitumbwi walihamia chini zaidi ya mto. Mwaka 2019 bwawa la Isimba likawapunguzia tena nafasi.

Rusumo nako sasa kuna mradi wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mtambo wake hupitisha sehemu ya maji kwenye handaki kabla ya kuyarudisha mtoni. Kwa taifa umeme huo ni faida, na viwanda vinauhitaji. Kwa aliyejenga nyumba ya wageni akitegemea ngurumo ya maji, ni suala jingine.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kiwanja karibu na poromoko lolote, kuna maswali matatu ya kuuliza halmashauri na ofisi ya bonde la maji: mto huo umo katika mpango wa umeme? Maji hupungua kiasi gani mwezi wa Septemba? Nani anakusanya kiingilio, na kijiji kinapata nini? Pasipokuwa na majibu, mtaji wa Igogo ubaki kwenye viti vya kukodi. Viti huweza kuelekezwa kwingine. Nyumba iliyokwisha kujengwa haihamishiki.