Maji Maangavu si Lazima Yawe Salama

Leo tuzungumze juu ya viumbe ambao macho yetu hayawezi kuwaona vyema.

Ukichota maji ya dimbwi lenye majani yaliyooza, ukatia tone moja chini ya hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, utaona vijidudu wakienda huku na huku. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliwaona vijidudu wa majini mwaka 1674 kwa lenzi alizozitengeneza mwenyewe.

Mmoja wao huitwa paramesiamu. Mwili wake wote ni chembe moja tu, na urefu wake haufiki nusu milimita. Hana mguu wala pezi. Lakini amefunikwa na vijinywele maelfu, navyo hupiga maji kwa zamu, kimoja baada ya kingine, mfano wa shamba la ngano lipitiwapo na upepo. Akigonga kizuizi, vijinywele hugeuza mapigo. Naye hurudi nyuma, hugeuka kidogo, kisha huenda mbele tena. Vile vilivyo karibu na kinywa humvutia bakteria, ambao ni chakula chake. Huyu hatudhuru.

Lakini anaye ndugu yake, balantidiamu, naye huenda kwa vijinywele vivyo hivyo. Katika jamii yao, huyu ndiye ajulikanaye kuwaletea wanadamu ugonjwa. Hukaa hasa katika utumbo mkubwa wa nguruwe, na mara nyingi nguruwe mwenyewe haonekani mgonjwa. Kijidudu hujifunika ganda, akatoka pamoja na kinyesi. Mvua ikikichukua kinyesi hicho mpaka kisimani, mtu humnywa bila kujua. Wengi hawasikii lolote. Wengine huharisha, hata damu.

Dawa zipo, na mwenye kuharisha damu asikawie kwenda hospitali. Lakini kinga ni bora. Wewe baba unayejenga banda la nguruwe, liweke mbali na kisima, upande wa chini. Choo nacho kiwe vivyo hivyo. Wewe mama, chemsha maji ya kunywa hata yakionekana maangavu kama kioo. Nanyi watoto, naweni mikono kwa sabuni mtokapo bandani na kabla ya kula.

Kwaherini, na amani iwe nyumbani kwenu.